Kozi za Hiari, Ushauri wa Lazima

Kila mwaka wa masomo unapoanza, fomu za kuandikisha kozi zikiwa bado hazijafungwa, wanafunzi wa sheria wa vyuo vyetu huhubiriwa mahubiri yaleyale. Huyatoa kaka na dada waliokwisha kuapishwa uwakili, huyatoa wageni waalikwa kwenye makongamano ya ajira, na mara nyingine huyatoa mhadhiri mwenyewe katika dakika tano za mwisho za kipindi. Aliyepita Mlimani, Mzumbe, Udom au Tumaini anayajua kwa moyo: chagua eneo lako mapema, fuata soko, achana na kozi za nadharia, linda GPA, utakachokikosa utakipata Law School, na siku ya siku mwajiri atakupima kwa orodha ya kozi ulizosoma.

Mahubiri haya yana watetezi werevu, nami sitawafanya wajinga ili niwashinde kirahisi. Nitazichukua hoja zao moja moja, nizieleze kwa nguvu ileile wanayozielezea wao, kisha niwaachie wasomaji mpime. Ninachoomba mkiweke akilini tangu sasa ni kwamba hoja hizi hutolewa kama fungu, kwa pumzi moja, kwa mwanafunzi mmoja. Kwa hiyo haitoshi kuzitetea kila moja peke yake. Lazima pia ziweze kukaa nyumba moja bila kugombana. Haziwezi.

Chagua mapema, wanasema, ikiwezekana mwaka wa kwanza. Mantiki yao inaeleweka. Sheria imepanuka kiasi kwamba hakuna kichwa kinachoweza kuibeba yote, na anayeanza kuzama kwenye eneo moja akiwa na miaka minne mbele yake atafika mbali kuliko anayezinduka semista ya saba. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anachagua kati ya nini na nini? Hajakutana na sheria ya ushahidi, hajasoma kodi, hajawahi kuandika hati ya madai. Anachoweza kuchagua ni jina la eneo tu, na majina hayo hayana hakika ya kudumu miaka minne. Aliyeingia chuoni mwaka 2016 akajiwekea nadhiri ya kubobea katika usuluhishi wa migogoro ya kibiashara alisomeshwa sheria iliyotungwa mwaka 1931, enzi za Mwingereza. Alihitimu 2020, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria mpya ya Usuluhishi. Aliyeingia 2018 hakuweza hata kuuota ulinzi wa taarifa binafsi kama eneo lake, maana sheria yenyewe, Na. 11 ya mwaka 2022, ilipitishwa yeye akiwa ameshatoka chuoni, ikaanza kutumika Mei 2023. Leo benki, hospitali na kampuni za simu zote zinahitaji mtu wa kuziambia sheria hiyo inataka nini.

Nani anayezijibu? Anazijibu mtu aliyejifunza vizuri mambo yasiyo na jina la kuvutia: ridhaa ni nini katika mkataba, kanuni ndogo inaweza kwenda umbali gani kabla ya kuvuka mipaka ya sheria mama, mamlaka ya kiutawala hupingwa kwa njia zipi. Hayo yaliuvuka mwaka 2020 na mwaka 2022 bila kuchubuka.

Kuna jambo jingine ambalo wanasihi wetu hulisahau ingawa wengi wao wameapishwa chini yake. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ina orodha moja ya mawakili. Haina orodha ya mawakili wa madini na nyingine ya mawakili wa mirathi. Anayeapishwa leo anaweza kesho kusimama katika shauri la ardhi Songea na keshokutwa kuandika mkataba wa mkopo Kariakoo. Madaktari wana mafunzo ya ubingwa yenye miaka yake na mitihani yake. Uwakili wetu hauna kitu kama hicho. Basi anayemwambia kijana wa miaka kumi na tisa achague ubingwa anamtaka achague kitu ambacho taaluma yenyewe haijakianzisha.

Hoja ya pili ndiyo yenye wafuasi wengi, nami nitakaa nayo zaidi. Fuata soko. Yaani weka kando unachokipenda, soma kinacholipa. Familia imejinyima kukusomesha, mkopo wa Bodi unakusubiri, na mapenzi ya somo hayalipi kodi ya nyumba. Hoja hii si ya kudharauliwa. Aliyekulia nyumba yenye dhiki hawezi kuambiwa kwamba fedha si kitu. Ila hatuna haja ya kuijadili hewani, kwa sababu ilikwisha kufanyiwa jaribio hapahapa nyumbani, mbele ya macho yetu.

Mwaka 2010 gesi iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari ya kusini. Mwaka 2012 kikatangazwa kisima cha Zafarani, na miaka michache baadaye makadirio ya gesi yote nchini yakafika futi za ujazo trilioni 57. Makongamano yakawa ya mafuta na gesi. Mwanafunzi wa sheria akaambiwa kwamba asiyesoma sheria ya mafuta na gesi amejinyima mwenyewe: kiwanda cha kusindika gesi kingejengwa Lindi, kampuni za Norway na Uingereza zingetafuta wanasheria kwa tochi, na waliobaki wangegombania talaka na viwanja.

Ikawaje? Kwanza, sheria yenyewe ilihama. Aliyesoma eneo hilo mwaka 2013 alisoma Sheria ya Petroli ya mwaka 1980. Mwaka 2015 ilifutwa, ikaja nyingine. Mwaka 2017 zikafuata sheria mbili kuhusu utajiri na maliasili za nchi, na mojawapo ikaagiza kwamba migogoro inayohusu maliasili isipelekwe kwenye mahakama wala mabaraza ya nje. Kijana aliyekuwa akijinoa kwa ajili ya vikao vya usuluhishi vya London akakuta mlango umewekewa kufuli na Bunge la Dodoma. Pili, soko lenyewe lilihama. Januari 2021 Equinor, ambayo zamani iliitwa Statoil, ilipunguza thamani ya mradi wa Lindi katika hesabu zake kwa dola milioni 982. Mazungumzo yalifufuliwa baadaye, na nasi tunayatakia heri, lakini kiwanda hakijajengwa. Mwanafunzi aliyeingia chuoni 2011 kwa ajili ya gesi hiyo sasa ana umri wa kuwa na watoto shuleni.

Mtetezi wa soko ana jibu. Atasema gesi ilikuwa ajali, soko la kweli lilikuwa bomba la mafuta ghafi. Vema, tulitazame bomba. Linatoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga, kilomita 1,443, sehemu kubwa ikipita katika ardhi ya Tanzania, na kweli limewapa wanasheria kazi. Kazi zipi? Fidia ya ardhi kwa wanavijiji. Tathmini ya athari kwa mazingira. Mikataba ya ajira na ya wakandarasi. Kodi. Na shauri lililovuma kuliko yote kuhusu bomba hilo, lile lililofunguliwa na asasi za kiraia katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki Novemba 2020, liliishaje ngazi ya kwanza? Wasomaji mliolifuatilia mnakumbuka. Novemba 2023 majaji walilitupa kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi miwili, na kwa hesabu ya majaji saa ilianza kugonga mwaka 2017, pale serikali mbili zilipotiliana saini makubaliano ya bomba. Hoja za tabianchi, za mazingira, za haki za wenye mashamba, zote zilisimama nje ya mlango uliofungwa na pingamizi la awali la ukomo wa muda. Katika shauri kubwa la mafuta la ukanda wetu, hakuna kifungu hata kimoja cha sheria ya mafuta kilichoamua lolote. Kilichoamua ni somo lile la mwenendo wa mashauri ambalo wanafunzi husinzia darasani huku akili zao zikiwa baharini kwenye visima.

Sasa iwekeni hoja ya soko kando ya ile ya kuchagua mapema. Shahada ya sheria Mlimani ni miaka minne. Juu yake kuna Law School. Kwa hesabu ya chini kabisa, kati ya siku ya kuchagua na siku ya kulipwa kuna miaka mitano. Anayechagua mapema hawezi kulifuata soko. Anaweza kulitabiri tu, na utabiri wa bei ya gesi umewashinda watu wenye idara nzima za wachumi. Anayetaka kulifuata kweli lazima achelewe kuchagua. Ushauri unaomtaka afanye yote mawili haufuatiki hata na mwanafunzi mtiifu kuliko wote.

Wala sisemi kozi ya mafuta na gesi ifutwe. Isomwe, na isomwe vizuri, na mtu aliyekwisha kuiva kwenye kodi, ardhi na mikataba, maana huko ndiko zana zake zote zilikotoka. Aliyeanza na jina la eneo akaziacha zana atakuwa na cheti cha semina.

Tuje kwenye nadharia. Hapa wanasihi huwa wakali, na wana sababu. Wanasema mwanafunzi anatoka chuoni akiweza kujadili falsafa ya sheria kuanzia asubuhi hadi jioni lakini hawezi kuandika hati ya kiapo. Wanataka achukue kozi za vitendo, aachane na falsafa, historia ya sheria, haki za binadamu na sheria ya kimataifa, ambazo kwao ni za wanaotaka kuwa mabalozi au wahadhiri. Malalamiko kuhusu hati ya kiapo ni ya kweli. Kinachofuata baada yake ndicho kisichofuata.

Mnalijua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo kutaka uuzaji ubatilishwe, na sheria ya kimila iliyokusanywa na kuandikwa mwaka 1963 ilikuwa upande wake: mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, kuiuza hawezi. Mahakama ya Mwanzo ikampa mlalamikaji ushindi. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, mwaka 1990. Jaji alifanya nini? Alichukua Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akaiweka kando ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu, mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, akaona kwamba kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza haiwezi kusimama tena. Shamba liliuzwa, na uuzaji ukabaki.

Swali langu kwa watu wa vitendo: hili ni shauri la kozi gani? Lilifunguliwa kama shauri la ardhi. Lilipiganwa kwa mila na mirathi. Liliamuliwa kwa katiba na sheria ya kimataifa, na chini ya yote lilikuwa swali la falsafa: pale kanuni ya jamii na haki ya mtu zinapogongana, hakimu anapata wapi ruhusa ya kuchagua? Wakili aliyebobea ardhi peke yake angeisoma kanuni ya 1963, angefunga jalada na kumwambia mama yule arudishe fedha. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka kumi na minane. Walioishi kwenye sheria ya familia tu walivisoma kwa miongo. Vilivunjwa katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, kwa hoja za usawa mbele ya katiba.

Kama mifano hii inanuka haki za binadamu mno kwa pua za wapenda soko, tuhamie kwenye fedha. Baada ya marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, leseni za kuhodhi maeneo ya uchimbaji zilifutwa, na mojawapo ilikuwa ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea. Wawekezaji walikwenda kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, na Julai 2023 baraza likaiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109. Kilichoamuliwa pale ni iwapo kitendo cha serikali kilikuwa utaifishaji uliokiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Uingereza na Tanzania. Hiyo ni sheria ya kimataifa ya umma, kozi ya mabalozi ileile. Ingependeza kusikia ni kozi ipi ya vitendo iliyowahi kuwa na bei kama hiyo.

Nakubali kitu kimoja, maana haki ni haki. Kozi ya nadharia inayofundishwa kwa kusomewa madesa yaliyochapwa miaka ishirini iliyopita ni mateso, na mwanafunzi anayeikimbia ana akili timamu. Ila hiyo ni hoja dhidi ya mwalimu huyo. Mwanafunzi anaruhusiwa kabisa kumfuata mwalimu badala ya jina la kozi, na kwa mawazo yangu angefanya hivyo mara nyingi zaidi. Profesa Issa Shivji alikuwa ameandika kwa kina kuhusu sheria na tabaka la wafanyakazi kabla ya kukabidhiwa, mwaka 1991, uenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Sijasikia aliyelalamika kwamba ardhi ya nchi ilipewa mtu wa sheria ya kazi.

Kuhusu GPA sitatumia maneno mengi, hesabu inatosha. Hoja ni kwamba mstari wa 3.5 hutenganisha daraja la pili la juu na la chini, mstari wa 4.4 hufungua daraja la kwanza, na milango mingi, hasa ya uzamili na ufadhili, husoma namba kabla ya kusoma jina. Kwa hiyo kozi za hiari zitumike kupandisha namba: chukua za mteremko. Tuseme mwanafunzi ana kozi 40 zenye uzito sawa kwa miaka minne, na 6 kati ya hizo ni za hiari. Tuseme amekwepa kila kozi ambayo angepata B+ na kuchukua ambayo amepata A. Kila kozi imemwongezea pointi 1. Jumla pointi 6. Zigawanye kwa 40: 0.15. Hiyo ndiyo faida yote ya miaka minne ya kukwepa, na hapo tumemjalia apate A zote sita bila hata moja kumponyoka. Kwa aliyesimama 3.4, hiyo inamvusha, na huyo simlaumu hata kidogo. Aliye 3.0 anabaki daraja lilelile. Aliye 3.8 vilevile. Namba yake inabebwa na zile kozi 34 za lazima, na angepata 0.15 hiyohiyo kwa kupandisha sita kati yake daraja mojamoja, bila kuuza nafasi hata moja ya kuchagua.

Tena angalieni mgongano. Hawahawa waliomwambia achukue kozi za vitendo sasa wanamwambia achukue za mteremko. Muulizeni mwanafunzi yeyote ni kozi zipi zinazomtoa jasho. Atawatajia kodi. Atawatajia uandishi wa nyaraka. Ni nadra vitendo na mteremko kukutana kwenye ratiba moja.

Kando ya hizi ipo hoja ndogo inayosemwa kwa sauti ya chini, kwamba kujifunza kuandika sheria na hukumu kwa Kiswahili ni kujaza nafasi, kwa kuwa sheria yetu inasema Kiingereza. Mahakama za Mwanzo, ambako wananchi wengi hukutana na sheria kwa mara ya kwanza na mara nyingi ya mwisho, zimekuwa zikifanya kazi kwa Kiswahili miaka yote. Mwaka 2021 marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, Kiingereza kikabakishiwa mazingira maalumu. Sheria zilizopo zinahitaji kutafsiriwa, miswada inahitaji waandishi, hukumu zinahitaji istilahi. Wahubiri wa soko, walioweza kuliona soko kwenye kina cha bahari, hili la juu ya meza hawalioni.

Sasa Law School. Watetezi husema: usijisumbue kupanga kozi kwa uangalifu mkubwa, kwa maana Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ipo kwa ajili hiyo hasa. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ikapokea wanafunzi wa kwanza 2008, na kazi yake ni kumgeuza mhitimu wa chuo kikuu kuwa mtu anayeweza kusimama mahakamani. Utakachokikosa chuoni utakipata huko.

Oktoba 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ya taasisi hiyo. Watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu 342. Waliodisko 265. Lawama ziliruka kila upande: kwa taasisi, kwa vyuo, kwa wanafunzi wenyewe, hata Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Takwimu hizo haziniambii nani mwenye kosa, nami sitajifanya zinaniambia. Zinaniambia jambo dogo zaidi ambalo kwa mjadala huu linatosha: mahali ambapo watu 26 kati ya 633 wanavuka mara ya kwanza, hata kama kosa ni la mahali penyewe, si pa kwenda kujifunza sheria ya ushahidi upya. Huko unaulizwa ulichokuja nacho, tena kwa kasi.

Na hapa fungu lao linapasuka katikati. Kama vitendo vinafundishwa Law School, kwa nini mwanafunzi aliambiwa aikimbie nadharia chuoni ili apate vitendo? Chuo kikuu ndicho mahali pekee atakapopewa semista nzima kusoma hukumu moja hadi mifupani. Law School haina muda huo, ofisi ya uwakili haina, na mteja hatalipia. Mtu aliyeamini hoja zote mbili atakuwa amepata vitendo nusu mara mbili, na nadharia hakuipata popote.

Inabaki hoja ya mwajiri: orodha ya kozi zako ndiyo itakayokuuza. Kuna ofisi ambako ni kweli kwa kiasi. Ofisi kubwa za mawakili Dar es Salaam zinazohudumia benki na wawekezaji huvutiwa na anayeonyesha kwamba kodi na sheria ya kampuni hazimtishi. Lakini mwajiri mkubwa wa wanasheria ni serikali. Chukueni tangazo la nafasi ya Wakili wa Serikali au Afisa Sheria mlisome: linataka shahada ya sheria na mafunzo ya vitendo. Halitaji kozi ya hiari. Kisha Sekretarieti ya Ajira inaita usaili wa mchujo, karatasi na kalamu, mamia ya watu ukumbini, na hapo hakuna kisanduku cha kuandika kwamba ulisoma gesi.

Ushahidi ulio mzito zaidi dhidi ya hoja hii, hata hivyo, wanao wanasihi wenyewe. Wengi wanaoalikwa kuzungumza kwenye makongamano haya leo walijijengea jina katika fedha za mtandao wa simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilitungwa 2015. Kwa miaka saba katikati, kampuni za simu zilifanya kazi kwa barua za kutokuwa na pingamizi kutoka Benki Kuu, na wanasheria wao walikuwa wakijibu maswali ambayo hayakuwa na sheria, sembuse kozi. Swali gumu kuliko yote lilikuwa hili: fedha ya mteja iliyo kwenye simu ni ya nani, na kampuni ya simu ikifilisika, wadai wake wanaweza kuigusa? Jibu lililopatikana, na ambalo kanuni za 2015 zililithibitisha, ni kuziweka fedha hizo katika akaunti za amana benki, zikishikwa kwa niaba ya wateja na kutengwa na mali ya kampuni. Hiyo ni sheria ya amana, somo la zamani lililokuja na Mwingereza, ambalo katika orodha yoyote ya kozi za hiari ndilo wanafunzi huliruka kwanza, tena kwa ushauri wa watu hawahawa.